Naanza kazi Upanga, nipange wapi?

"Habari mtaalamu. Nina miaka 29, ni muuguzi, nimekulia na kusomea Mbeya. Nimepata kazi hospitali moja iliyoko Upanga, Dar es Salaam, na naripoti mwanzoni mwa Februari. Kazi ni ya zamu: asubuhi, mchana na usiku. Nitakuja na mwanangu wa miaka minne pamoja na binti wa kunisaidia kazi. Kodi isizidi 250,000 kwa mwezi, na nina akiba ya miezi sita. Binamu yangu anasema nikae Sinza kwa sababu ndiko kwenye maisha, na nisithubutu kupanga uswahilini. Dalali mmoja amenitumia picha za nyumba nzima huko Kivule, vyumba viwili, vigae, uzio, 150,000 tu, ila anataka nimtumie kodi ya mwezi mmoja kwa simu aishikilie maana kuna mteja mwingine. Mama anasema nilipe mwaka mzima nisije nikasumbuliwa. Dar nimefika mara mbili tu, tena kwa misiba. Nichague eneo gani?"

Dada, hongera kwa kazi. Nianze na lenye haraka: hiyo pesa usiitume. Sisemi kwamba dalali huyo ni tapeli, maana simjui. Ninachosema ni kwamba tapeli na dalali mkweli mwenye njaa wanatumia maneno yaleyale, na ukiwa Mbeya huna namna ya kuwatofautisha. "Kuna mteja mwingine" ni sentensi ya kwanza wanayofundishana. Picha za vigae zinaweza kuwa za nyumba yoyote, na hata kama ni zenyewe, hazikuonyeshi barabara ya kufika pale wala maji yanayosimama mlangoni mwezi Aprili.

Sasa swali lako. Umeuliza eneo, na ndivyo karibu kila anayehamia Dar anavyouliza. Binamu naye amekujibu kwa jina la eneo. Lakini jina la eneo linakwambia kidogo sana. Ndani ya Tabata moja kuna nyumba ambayo ukitoka mlangoni unapanda gari baada ya dakika tatu, na kuna nyingine ambayo kila asubuhi unalipa bodaboda kufika kituoni. Zote dalali ataziita "Tabata, karibu na barabara". Kwa mtu wa zamu mwenye mtoto, mimi ningepima mambo mawili kabla ya mengine yote: safari ya kwenda Upanga kwa saa zile hasa utakazosafiri wewe, na kile kipande cha mwisho kati ya kituo na kitanda chako.

Elewa kwanza jiji lilivyokaa. Dar imekua kwa kufuata barabara kuu nne zinazotoka katikati: Bagamoyo inakwenda kaskazini, Morogoro inakwenda magharibi, Nyerere (wazee bado wanaiita ya Pugu) inapita uwanja wa ndege, na Kilwa inashuka kusini kupitia Mbagala. Sam Nujoma na Mandela zinazikata kwa pembeni kutoka Mwenge hadi bandarini. Kazi, maduka ya jumla, hospitali kubwa na ofisi nyingi ziko upande wa katikati, kwa hiyo asubuhi watu wanamiminika kuingia, na jioni wanamiminika kutoka. Jiji lenye watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022 linapitia milango michache. Ndiyo maana kilomita hazikwambii kitu hapa. Kilomita nane zinaweza kuchukua dakika ishirini au saa moja na nusu, inategemea umetoka saa ngapi na umeelekea wapi.

Hapo ndipo zamu zinapokupa nafuu ambayo binamu hakuifikiria. Zamu ya usiku utaingia mjini jioni wakati wenzako wanatoka, na asubuhi utatoka mjini wakati wao wanaingia. Utasafiri umekaa. Zamu ya asubuhi ndiyo itakayokutesa kwenda, kwa sababu utagombania gari na kila mtu. Zamu ya mchana kwenda ni rahisi, lakini inakutoa kazini usiku, na tatizo hapo si foleni tena, ni ule mwendo wa kutoka kituoni hadi nyumbani saa tatu au nne za usiku. Kwa hiyo kabla hujatafuta chumba, muulize msimamizi wako wa wodi zamu zinaanza na kuisha saa ngapi, na kama kuna gari la wafanyakazi usiku. Baadhi ya hospitali zinalo, na njia zake huwa zinajulikana. Likiwepo, limeshakuchagulia nusu ya jibu.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni huligundua baada ya kulipa miezi sita. Watu wanadhani ukikaa karibu zaidi na mjini utafika mapema zaidi. Si lazima. Gari likianzia Kimara Mwisho, linajaa palepale. Aliyeko Manzese au Magomeni, ambaye yuko karibu zaidi na kazini, anasimama kituoni akiangalia mabasi yanapita yamefurika. Ndiyo maana utawaona watu wa katikati ya njia wanapanda daladala linalotoka mjini, wanakwenda nalo hadi mwisho na kugeuza nalo, wakilipa nauli mara mbili ili wapate kiti. Anayekaa kwenye kichwa cha njia analala akiwa njiani. Sisemi ukakae mbali. Ila ukilinganisha nyumba mbili, uliza: gari la kwenda mjini linaanzia hapa au linapita tu?

Kwa Upanga, njia iliyo wazi zaidi ni ya Morogoro. Mabasi ya mwendokasi yanayotoka Kimara, yaliyoanza 2016, yanapita Ubungo, Manzese, Magomeni na Jangwani hadi kituo cha Fire, na pale Fire uko mlangoni mwa Upanga, unatembea au unachukua bajaji. Kwa mtu wa hali yako ningeanza kutafuta kwenye mstari huo: Kimara, Ubungo, Mabibo, Magomeni. Una bahati kwamba kuna kila aina ya nyumba hapo, kuanzia chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili hadi nyumba ndogo za kujitegemea zilizojengwa nyuma ya nyumba ya mwenyewe.

Lakini nikueleze na kasoro yake. Njia hiyo inavuka bonde la Msimbazi pale Jangwani. Mvua kubwa ikinyesha, bonde linajaa, barabara inafungwa na mwendokasi unasimama. Upo mradi wa kulitengeneza bonde lote na kujenga daraja refu pale, lakini wewe unapangia mvua za mwaka huu. Siku ya namna hiyo utazunguka kupitia Kinondoni na Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, pamoja na jiji zima. Anayeishi Kinondoni au Ilala hapati kero hiyo kwa kiwango hicho, ila kwa 250,000 huko utapata nafasi ndogo zaidi.

Sinza si pabaya. Kituo cha Simu 2000 kiko pale na magari mengi yanaanzia hapo, maduka yanakesha, na usiku barabara zina watu. Binamu hajakudanganya kuhusu maisha. Lakini unalipia jina, na unalipia baa. Wewe utakuwa unalala mchana baada ya zamu, wakati baa zimenyamaza. Atakayelala na muziki ni mwanao. Kwa jumla, nyumba yoyote utakayoipenda nenda kaisikilize saa nne asubuhi. Gereji, mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea mageti, shule iliyopakana na ukuta: hivyo mpangaji wa kawaida havisikii kwa sababu yuko kazini. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku atavisikia vyote.

Kivule nitaipitia haraka. Ni kwa watu wanaojenga, na wengi wanaishi huko kwa furaha. Lakini iko mbali, upande wa Kitunda, ndani kutoka Barabara ya Nyerere. Ungeunganisha magari, pengine na bodaboda juu. Hesabu mwenyewe: tuseme bodaboda ni 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, kwa zamu 22 za mwezi. Hiyo ni 88,000. Ongeza kwenye kodi ya 150,000, umefika 238,000 na bado hujalipa daladala hata moja. Nyumba ya 220,000 iliyo dakika tano kwa miguu kutoka kituoni ni ya bei rahisi kuliko hiyo. Kigamboni nayo ina upepo mzuri na nafasi, lakini kwa zamu za usiku utakuwa mtumwa wa foleni ya pantoni, au uzunguke darajani Kurasini. Mbagala sina ubaya nayo, ila kufika Upanga utabadilisha gari.

Tukirudi kwenye kile kipande cha mwisho, hapa sina haraka, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Utatafuta nyumba mwezi Januari, mwezi ambao kila bonde la Dar linaonekana kavu na la kuvutia. Masika yanaanza Machi. Mimi mwenyewe nilipokuja jiji hili nilipanga chumba Januari, nikashangaa kwa nini ni rahisi hivyo, na Aprili nikaamka usiku nikasikia ndoo zinagongana zenyewe. Zilikuwa zinaelea. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwafanya wakazi wengi wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande, lakini vyumba vya bondeni bado vinapangishwa kila siku, na dalali hatakwambia "bondeni". Atakwambia "kwa chini kidogo".

Kwa hiyo soma nyumba. Angalia ukuta wa nje kwa usawa wa goti: kuna mstari wa doa, au rangi mpya imepakwa nusu ya chini tu? Mlangoni kumejengwa kingo ya matofali ya kuruka kwa mguu? Kuna viroba vya mchanga uani? Choo kimeinuliwa kwa ngazi tatu nne kutoka ardhini? Hicho ni choo cha mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, shimo linajaa upesi, na mvua ikija yaliyomo yanatoka. Majirani wameweka friji juu ya meza? Hata majina ya mitaa yanaongea. Bonde la Mpunga, pale Msasani, haikuitwa hivyo kwa utani. Ukiona udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua, jua ni ule unaoshika maji wakati wa mvua. Kisha muulize mtoto wa jirani, si mwenye nyumba, "mvua ikinyesha maji yanafika wapi?" Watoto watakuonyesha kwa kidole.

Maji ya bomba uliza vivyo hivyo kwa wapangaji wenzako: yanatoka siku ngapi kwa wiki, na saa ngapi? Kimara kwenye vilima kuna nyumba ambazo bomba lipo na maji yanapanda kwa shida. Mwenye simtanki anaishi, asiye nalo ananunua kwa dumu. Kama nyumba inatumia kisima, onja. Maeneo mengi ya Dar kisima kina chumvi. Sabuni haitoi povu na chai inabadilika ladha. Inavumilika kwa kufulia na kuogea, lakini maji ya kunywa na kupikia yaingize kwenye bajeti.

Umeme uliza jambo moja: LUKU ni yako peke yako au mnachangia? Mita ya pamoja ni chanzo cha ugomvi kuliko choo cha pamoja. Mmoja ana friji, mwingine ana taa mbili, na mchango ni sawa. Tena wenye matumizi madogo huuziwa uniti kwa bei nafuu, na nyumba ya watu wengi kwenye mita moja inavuka kiwango hicho upesi, hivyo na wewe mwenye taa mbili unalipa bei ya wakubwa. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo kwenye LUKU. Ni deni la mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Si pesa nyingi, ila ni vizuri mkubaliane mapema.

Kuhusu uswahilini, nitampinga binamu yako. Vibaka wapo, siwezi kukuficha. Lakini nyumba ya uzio yenye majirani wasiojuana ina hatari yake, hasa kwa mama anayemwacha mtoto wa miaka minne na binti wa kazi usiku mzima. Kwenye nyumba ya kupanga yenye uani mmoja, mtoto akikohoa usiku mama Asha wa chumba cha pili anagonga mlango. Binti akiingiza mgeni, utaambiwa kabla hujavua viatu. Gharama yake ni foleni ya choo na umbea, na hiyo ni gharama kweli. Ningekuwa wewe ningetafuta kitu cha katikati: vyumba viwili vyenye choo ndani, kwenye uwanja wa nyumba ambayo mwenyewe anaishi hapohapo au kuna wapangaji wengine watatu wanne. Mama mwenye nyumba mkali ni ulinzi mzuri, usimkimbie.

Usalama upime kwa macho, usiku. Nenda saa mbili au saa tatu usiku, ukiwa na mtu, utembee kutoka kituoni hadi mlangoni. Angalia mawakala wa pesa wanafunga saa ngapi. Hawa ndio wanaoibiwa kwanza, kwa hiyo wanajua. Mtaa ambao wakala bado yuko wazi saa tatu, muuza chipsi yuko na moto wake na duka la Mangi lina taa, utapita. Mtaa ambao wakala anafunga saa kumi na mbili na nusu jioni, muulize kwa nini. Angalia pia kama kuna kijiwe cha bodaboda cha kudumu na kama mtaa una ulinzi shirikishi.

Sasa pesa, na ushauri wa mama. Mama anawaza vizuri: ukilipa mwaka, mwenye nyumba hakupandishii kodi katikati. Lakini kwa mgeni wa jiji, kulipa mwaka ni kujifungia chumba ambacho hujakiona kwenye mvua. Hapa wengi wanadai miezi sita, wengine mitatu, na sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilishafutwa, kwa hiyo ni maelewano. Omba mitatu. Akikataa, omba mitatu kwa kodi iliyozidi kidogo. Hiyo nyongeza ihesabu kama bima yako. Na usiimalize akiba yote siku moja, kwani dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja juu ya hiyo, na kuna usafiri wa mizigo, kitasa kipya (badilisha kitasa, tafadhali) na mshahara wa kwanza unaoweza kuchelewa.

Dalali si adui. Anayajua maeneo kuliko mimi. Mlipe baada ya kusaini, si kabla. Pesa ndogo ya kuzungushwa mkubaliane kabla hamjaondoka kijiweni. Kabla ya kulipa kodi, pita kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa na uulize nyumba hiyo ni ya nani. Nyumba zinazoleta kesi sana ni za urithi: baba amefariki, mtoto mmoja anapokea kodi, na baada ya mwezi anatokea dada yake kutoka Tanga akisema hakuna aliyemtuma. Ukisikia neno mirathi, omba kuona nani ameteuliwa msimamizi, au achana nayo. Mkataba uandikwe hata kama ni ukurasa mmoja: majina, kiasi, miezi, nani anatengeneza nini, notisi ya muda gani. Uusaini mbele ya serikali ya mtaa, na pesa iingie benki au kwenye namba ya simu yenye jina lilelile la kwenye mkataba.

Yapo mambo ambayo ushauri wa mbali kama huu hauwezi kuyatatua. Ukiwa umeshalipa na ukakuta mpangaji mwingine ndani, nenda polisi siku hiyohiyo na ujumbe wa simu ukiwa haujafutwa. Mwenye nyumba akikutolea vyombo nje kabla muda haujaisha, anza kwa mwenyekiti wa mtaa. Isipoisha, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kabla ya kufika huko mtafute mwanasheria au msaidizi wa kisheria asome mkataba wako. Nyumba yenye nyufa zinazoingia kidole, mwite fundi mwashi unayemwamini aitazame kabla hujasaini.

Mpango ninaokupendekezea ni huu. Njoo wiki mbili kabla ya kuripoti, peke yako. Fikia kwa ndugu, maana hiyo misiba miwili inaonyesha unao. Siku ya kwanza panda gari kwenda Upanga kwa saa za zamu ya asubuhi, siku ya pili rudi kutoka Fire saa tatu usiku, ndipo uanze kuzungushwa. Ukishapata nyumba, lipa mitatu. Mwanao na binti wabaki Mbeya kwa bibi yao hadi mvua kubwa ya kwanza ya Machi iwe imeshanyesha juu ya paa hilo na wewe ukiwa ndani.